SOMO: JINSI YA KUISOMA NGOME KAMA KITABU

Somo langu mwaka huu ni la historia, ila nimelipandisha baiskeli.

Tuseme mtalii ametoka Mombasa akiendesha baiskeli peke yake. Amefika Voi, miguu inamwaka moto, basi amejipa siku moja ya mapumziko. Atazame nini? Wengi wetu hapa Mraru tutamwelekeza mbugani akaone ndovu. Si vibaya. Lakini kuna hazina nyingine ambayo sisi wenyeji tunaipita tu bila kuitazama: ngome na mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Huko Ufaransa, kandokando ya mto Loire, kuna njia ya baiskeli ya kilomita 900 hivi. Mwendesha baiskeli hupumzika leo kwenye kasri hili, kesho kwenye lile. Kasri maarufu sana ni Chambord, lililoanza kujengwa mwaka 1519 na mfalme Francis wa Kwanza. Ni zuri, hilo sikatai. Lakini wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tunayo barabara ya Voi hadi Taveta. Mgeni wetu apandishe baiskeli yake juu ya matatu mpaka Bura, kisha aendeshe polepole hadi Maktau. Kutoka hapo kwenda Taveta barabara inapita ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, kwa hivyo arudi kwenye matatu. Ndovu hana breki!

Sasa, mtu akifika kwenye ngome asipige picha tu akaondoka. Ajiulize maswali matatu.

SWALI LA KWANZA: KWA NINI IKO HAPA?

Ngome haijengwi ovyo. Ngome ya Yesu kule Mombasa, waliyoijenga Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, iko mdomoni mwa bandari, manake mali na adui wote walipitia baharini. Huku kwetu hakuna bahari. Kulindwa nini basi? Jibu ni reli na maji.

Mnamo Agosti 1914 Wajerumani, waliotawala Tanganyika, waliiteka Taveta. Kutoka huko vikosi vyao vidogo vilinyemelea porini na kuilipua reli ya Mombasa na Nairobi. Waingereza nao wakaanza mwaka 1915 kujenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta, ili wapeleke askari na mizinga mbele. Maji yakavutwa kwa bomba kutoka milima ya Bura, kwani nyika ile ni kavu. Ngome ya mawe ya Mashoti na kambi ya Maktau zikafuata njia hiyo hiyo. Ukiiona ngome porini, tafuta reli na maji, utaielewa.

SWALI LA PILI: ALIYEIJENGA ALIOGOPA NINI?

Chambord ina mapaa na minara mingi ya urembo. Mfalme yule alitaka kuonekana. Mjenzi wa vita anataka kuona bila kuonekana. Hii ndiyo tofauti kubwa, na mfano mzuri ni kilima cha Salaita, karibu na Taveta.

Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini, wakiwa upande wa Waingereza, walikishambulia kilima hicho. Mizinga ilipiga kileleni kwa nguvu, kwa kuwa walidhani adui yuko huko juu. Kumbe Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa wamechimba mahandaki chini, miguuni pa kilima! Washambuliaji wakarudishwa nyuma wakiwa na hasara kubwa. Waliowaokoa ni askari wa Kihindi wa kikosi cha Baluchi, ambao kabla ya hapo walikuwa wakidharauliwa na hao hao Waafrika Kusini. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwezi uliofuata jeshi la Jenerali Smuts ndilo lililokichukua kilima hicho.

SWALI LA TATU: NANI ALIBEBA?

Swali hili ndilo gumu, na ndilo linalosahauliwa. Vitabu vinataja majenerali: Smuts, Lettow-Vorbeck. Lakini jenerali habebi gunia la unga. Waliobeba chakula, risasi na majeruhi ni wapagazi Waafrika, wengi wao wakichukuliwa kwa lazima. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Ndiyo asili ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu yao walikufa, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi.

Hata Wataita ambao hawakubeba kitu waliumia. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kuwa wanawasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia huko, mbali na mlima wao.

Mgeni wetu akirudi Voi jioni, apitie makaburi ya vita. Ataona mawe yaliyopangwa vizuri, yenye majina. Asome majina hayo kwa heshima, kisha ajiulize: ya wapagazi yako wapi? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi sana waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao wa Ulaya. Miaka zaidi ya 100 ilikuwa imepita!

TUFANYE NINI?

Wenzangu, jiwe la ngome likichukuliwa kwenda kujengea zizi, ukurasa umechanwa. Mzee akifariki kabla hatujamuuliza aliyoyasikia kwa babu yake, kitabu kizima kimeteketea. Kwa hivyo likizo ijayo kila mwanachama achukue daftari, aketi na mzee mmoja wa kwao, amwulize nani katika ukoo alikwenda Kariakoo, na kama alirudi. Jina moja likipatikana, tumelipata kaburi moja ambalo halikuwa na jiwe.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Eleza kwa nini reli na maji viliamua mahali pa ngome za Taita Taveta.
2. Linganisha Chambord na mahandaki ya Salaita. Kila mjenzi alikusudia nini?
3. Neno "Kariakoo" limetokana na nini? Tunga sentensi mbili ukilitumia.
4. Andika methali moja inayowafaa wapagazi, na utoe sababu.

Haya shime! Mwenye baiskeli atie pumzi magurudumu.