Ngiri Isiyorudi Ndani

Mimi nakaa Mchafukoge. Ukivuka tu Mnazi Mmoja uko Kariakoo, kwa watu wa maguta na makuli wa viroba. Mzee wa kazi hizo akiulizwa kuhusu uvimbe wa kinenani, jibu liko tayari: ni ngiri tu, ya mizigo. Na mara nyingi yuko sahihi. Ukuta wa misuli ya kinena una sehemu dhaifu. Ukinyanyua uzito, ukikohoa miezi na miezi au ukijikamua chooni, utumbo husukumwa pale ukatokeza. Ukilala, unarudi.

Sasa tuitazame ile isiyorudi. Upande wa kushoto, kipande cha mwisho cha utumbo mpana, chenye umbo la S, kipo karibu na kinena na kinaweza kushuka kwenye mfuko wa ngiri. Kulia huweza kushuka mwanzo wa utumbo huohuo. Kama kipande hicho kina saratani, basi saratani inakaa ndani ya ngiri. Ni jambo adimu sana, lakini lipo kwenye maandiko ya madaktari, na wakati mwingine mpasuaji huligundua mgonjwa akiwa tayari mezani. Hapo kurudisha utumbo na kushona hakutoshi. Kipande chenye uvimbe hukatwa pamoja na tezi zake za limfu, kikapelekwa maabara. Eti operesheni ndogo!

Wengine hudhani saratani ya utumbo ni ya Wazungu. Denis Burkitt, mpasuaji aliyepangiwa Lira, Uganda, mwaka 1946, alianza kwa kuchunguza kwa nini mabusha yalikuwa mengi sehemu fulani kuliko nyingine. Baadaye alieleza kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu Afrika kuliko Ulaya, akahusisha hilo na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Sawa, ila alizungumzia watu wa ugali wa dona na mboga za majani. Sisi wa chipsi mayai kila jioni tujihesabu wapi?

Dalili za kuunganisha na ngiri ni hizi: damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda, kuishiwa damu, au uvimbe mgumu usiosukumika. Ukiuma ghafla pamoja na kutapika na kukosa choo, ni hospitali saa hiyohiyo, utumbo umebanwa. Mgonjwa akisema "nina ngiri" akanyamaza, daktari hana sababu ya kufikiria kolonoskopi.

Shida ni kuuliza. Mimi binti nikimuuliza mzee wa guta habari za kinena chake, ataniona sina adabu, na sitamlaumu. Hapo nawategemea ninyi kina kaka mnaokunywa naye kahawa jioni: shikamoo kwanza, halafu swali la choo.