Kadari Haiondoi Dhamana

Katika darsa yetu ya baada ya Isha aliinuka ndugu mmoja, mfanya biashara wa vinyago, akaleta swali ambalo wengi wetu tulidhani jawabu lake ni jepesi, kumbe si jepesi. Ndugu huyu husafiri mara kwa mara kwenda Kisii kununua mawe ya Tabaka, yale mawe laini yachongwayo bakuli na sanamu ambayo sisi huku pwani twayaona madukani yakiuzwa kwa wageni. Siku moja alikuwa na haja ya kufika Nyamira, akapanda gari dogo la kuchangia nauli, la aina ya Probox, kwani ndilo lililokuwa karibu kujaa. Gari lile likapinduka kwenye mteremko. Akavunjika mguu wa kulia na mbavu mbili.

Siku ya tatu, yeye yu kitandani hospitali, walimjia wazee wawili pamoja na jamaa wa mwenye gari. Wakampa pole, wakamwekea shilingi 15,000 kando ya mto, na pamoja nazo karatasi ya kutia sahihi kwamba hana dai tena juu ya mtu yeyote. Jamaa zake mwenyewe waliosafiri kutoka Mombasa kumwangalia ndio waliokuwa wa kwanza kumsukuma. "Tia sahihi, mwanangu," wakamwambia, "hii ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Kwenda mahakamani ni kutoridhika na alilokuandikia." Yeye akawajibu kwamba atasema neno atakapoweza kuketi, akaiweka karatasi chini ya godoro. Swali lake kwetu lilikuwa hili: je, wazee wake walisema kweli?

Jawabu letu ni kwamba hawakusema kweli, ingawa nia yao ilikuwa njema. Maneno haya ya kadari yamekuwa kwetu kama shuka ya kufunikia kila dhulma. Mtu akiibiwa kuku wake hasemi kwamba ni kadari akanyamaza, bali humtafuta mwizi mpaka usiku wa manane. Lakini akivunjwa mguu na dereva aendeshaye kama aliyefukuzwa na moto, hapo huikumbuka kadari. Kuamini kadari ni kuamini kwamba lililopata lisingaliweza kukosa. Si kuamini kwamba aliyelisababisha hana dhamana. Lau ingalikuwa hivyo, basi sharia isingaliweka diya hata kidogo, kwani kila aliyeuawa ameuawa kwa kadari.

Na sharia imeiweka. Yeyote aliyesoma Suratun-Nisaa, aya ya 92, anajua kwamba hata anayeua kwa kukosea, bila ya kukusudia, hulazimika kutoa diya kuwapa watu wa aliyekufa, ila wao wenyewe wapende kusamehe na kuifanya sadaka. Mafakihi wakaeleza kwa urefu malipo ya viungo: mkono mmoja nusu ya diya, mguu mmoja nusu, jicho moja nusu, na majeraha mengine kwa makadirio ya kadhi. Angalieni vyema mpango huu. Haki huthibiti kwanza, kisha ndipo huja msamaha. Hawezi mtu kusamehe asichokijua. Anayetiwa kalamu mkononi siku ya tatu, naye hajui kama atatembea au hatatembea, hakusamehe, ameghafilishwa. Sulhu ni kheri, wala hatuipingi, lakini sulhu ya kweli hufanywa baada ya mganga kusema maneno yake ya mwisho na baada ya gharama kuhesabiwa.

Baadhi ya ndugu katika darsa walishika jambo la bima. Wakasema: fedha hizi hutoka kwa kampuni ya bima, na bima ina maneno. Naam, ina maneno, na wanazuoni wamekhitilafiana juu yake. Lakini ndugu yetu hakununua bima yoyote. Yeye anamdai aliyemdhuru, na serikali ndiyo iliyomlazimisha mwenye gari awe na mtu wa kumlipia deni lake. Akilipwa na kampuni kwa niaba ya mdaiwa, amelipwa haki yake. Tena fikihi yetu yenyewe haikuliacha deni la kosa limwangukie mkosaji peke yake, bali iliwatwika jamaa zake, yaani aqila, wachangie. Hatusemi kwamba aqila na bima ni kitu kimoja. Twasema tu kwamba wazo la mzigo kubebwa na wengi si geni kwetu.

Basi na tuje kwenye sheria ya nchi, kwani hapa ndipo watu wetu wanapopotea. Wako waliodhani kwamba kesi kama hii hupelekwa kwa Kadhi. La. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imempa Kadhi mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, kwa wote wanaokubali hukumu yake walio Waislamu. Madai ya ajali huenda kwa hakimu wa mahakama ya kawaida, na ajali ikitokea Kisii au Nyamira, mahakama za huko huweza kuisikiliza. Wadaiwa huwa ni dereva, kwa uzembe wake, na mwenye gari, maadamu dereva alikuwa akifanya kazi yake au aliendesha kwa idhini yake. Kampuni ya bima haishitakiwi mwanzo. Kwanza hupatikana hukumu juu ya mwenye gari, kisha sheria ya bima ya magari, iitwayo Sura ya 405, huilazimisha kampuni kuilipa hukumu hiyo, lakini kwa sharti kampuni iwe imepewa taarifa ya kesi katika siku chache ambazo sheria imezitaja. Taarifa hii ikisahauliwa, hukumu hubaki juu ya mwenye gari peke yake, na huenda hana kitu ila gari lililokwisha kugeuka chuma.

Sasa tazameni mtego uliomo katika magari haya ya kuchangia. Wanaojua Kisii na Nyamira wanazijua Probox. Ni gari la watu watano. Nalo huonekana likibeba wanane, tisa, hata zaidi, wengine wamejikunja nyuma mahali pa mizigo, na dereva mwenyewe amegawana kiti chake na abiria. Hufika vijijini ambako matatu hazifiki, hungoja watu wachache tu kisha zikaondoka, na kwa mama mwenye kichwa cha ndizi anayekwenda soko la Keroka hakuna msaada mkubwa kuliko huo. Hatuzitukani. Lakini nyingi zimeandikishwa kuwa gari la mtu binafsi, na bima yake imekatwa kwa jina hilo, kwa kuwa bima ya gari la abiria ni ghali. Nayo Sura ya 405 haimlazimishi mwenye gari la binafsi kuwawekea bima wale waliomo ndani ya gari lake. Humlazimisha yule tu ambaye gari lake huchukua abiria kwa malipo, au huchukua watu kwa mkataba wa kazi. Anayekata bima ya gari la nyumbani kisha akabeba watu kwa nauli ameivunja ahadi yake kwa kampuni, na kampuni haitakosa kulitaja hilo mahakamani. Abiria amelipa nauli kama wenziwe wa matatu, amevunjika kama wenziwe wa matatu, lakini nyuma yake hakuna mlipaji ila mtu mmoja mwenye shamba la chai la ekari moja.

Kwa hiyo twawaambia ndugu wanaosafiri bara: kabla ya kupanda, tupieni jicho stika ya bima iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Iangalieni kama ni ya gari la abiria, na tarehe yake haijapita. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Na anayekubali kukaa juu ya mapaja ya mwenziwe, au akauacha mkanda uliopo, ajue kwamba hakimu huweza kusema naye amechangia madhara yake, akampunguzia fidia kwa kadiri ya mchango wake.

Ama aliyekwisha kuumia, mali yake ni karatasi. Hili ndugu yetu wa Tabaka alilijua kwa kuchelewa. Ajali yenye majeruhi sharti ifikishwe polisi, na sheria ya barabarani inamtaka dereva mwenyewe afanye hivyo. Lakini dereva akitoroka, majeruhi au jamaa yake ahakikishe kwamba imeandikwa katika kitabu cha matukio, apate nambari yake, kisha apate ile hati ya polisi iitwayo abstrakti, ambayo huonyesha gari, mwenyewe, na bima yake. Ajaziwe fomu ya P3 na mganga. Atunze kadi ya matibabu, picha za mifupa, na karatasi ya kutokea hospitali. Na risiti, ndugu zangu, risiti! Mahakama ya Kenya humfidia mtu maumivu yake kwa makadirio, kwa kutazama kesi zilizopita za majeraha kama yake. Lakini fedha alizozitoa mfukoni, za dawa, za gari la kumchukua, za magongo, hazirudishwi kwa kusema tu. Sharti zitajwe katika madai moja moja, na zithibitishwe. Ndugu yetu alikuwa ametumia zaidi ya shilingi 60,000, na risiti alizokuwa nazo hazikufika nusu, kwani nyingine zilitupwa pamoja na kanzu yake iliyokatwa na wauguzi. Zilizobaki amezitafuta katika ujumbe wa M-Pesa ndani ya simu, ambao nao ni ushahidi.

Muda ni miaka mitatu tangu siku ya ajali, kwa sheria ya ukomo wa madai. Mtoto hahesabiwi muda huo mpaka abaleghe kisheria, yaani miaka 18. Kiasi ambacho kampuni ya bima yalazimika kumlipia mtu mmoja hakizidi shilingi 3,000,000. Kinachozidi hutafutwa kwa mwenye gari. Na hapa kuna jambo la kuwafurahisha wanafunzi wa fikihi: mwaka 2013 Bunge lilipitisha jedwali lenye kutaja viungo na fungu la kila kimoja, mkono kadha, jicho kadha, jambo lililokaribia mlango wa diya katika vitabu vyetu. Chama cha Mawakili kikalipinga, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikalibatilisha.

Jambo jingine ni wale madalali. Mtu hajazinduka vyema, mara amesimama kijana kando ya kitanda na fomu mkononi, asema ametumwa na wakili, na kwamba majeruhi hatalipa kitu mpaka ashinde, kisha wagawane. Sheria ya Mawakili imekataza kuwavizia wateja kwa namna hii, na mapatano ya wakili kulipwa kwa sharti la kushinda si mapatano yenye nguvu katika sheria ya Kenya. Mchagueni wakili wenyewe, mwende ofisini kwake, mwandikiane malipo yake. Na fedha zikilipwa zikakwama kwake, iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, nayo hupokea mashtaka ya mteja.

Tena tuseme lililo chungu. Wako waliochubuka kidole wakadai wamevunjika kiuno, na wako walioandikwa kuwa abiria katika gari ambalo hawakulipanda. Huu ni wizi, na ushahidi wa uwongo ni katika madhambi makubwa. Kwamba anayeibiwa ni kampuni hakuufanyi halali. Zaidi ya hayo, hasara yake huwarudia majeruhi wa kweli. Kampuni ya United Insurance mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011, zote zilizokuwa zikikatia bima magari ya abiria, ziliwekwa chini ya usimamizi maalumu baada ya kushindwa na madeni, na watu wenye hukumu mkononi wakabaki wakiziangalia hukumu zao. Uendeshaji mbaya ulikuwamo, lakini madai ya uwongo nayo hayakukosekana.

Na ikiwa aliyeumia amekufa, hapo ndipo Kadhi anapoingia, lakini kwa sehemu tu. Kuna fidia wanayopewa waliokuwa wakimtegemea marehemu, nayo ni mke au mume, watoto na wazazi; hakimu huigawa kwa kutazama utegemezi wao. Na kuna fidia iliyo mali ya marehemu, nayo huingia katika tirka, ikalipa madeni yake, kisha ikarithiwa kwa mafungu yajulikanayo. Tumewaona ndugu wa marehemu wakiichukua ile ya kwanza wakaigawa kama mirathi, wakampunguzia mjane na mayatima. Huko ni kula cha watu.

Ndugu yetu hivi sasa anatembea kwa gongo. Bima ya gari lile, kama tulivyokhofia, ilikuwa ya gari la binafsi, na wakili wake ameandika madai juu ya dereva na mwenye gari, na taarifa amekwisha kuipeleka kwa kampuni, ikatae au ikubali. Mwenye gari ametuma neno kwamba yu tayari kuuza ng'ombe wawili na kulipa kidogo kidogo, na ndugu yetu amesema atakubali sulhu hiyo ikiandikwa mbele ya mawakili, baada ya ripoti ya mganga. Zile shilingi 15,000 alizirudisha kwa wazee wale wawili mbele ya mashahidi, akaandikiwa risiti, nayo ameiweka pamoja na zile za hospitali.