SOMO LA AFYA: KUMTUNZA ALIYEBADILISHWA NYONGA



Somo letu la mara hii lahusu utunzaji wa mtu aliyepasuliwa na kutiwa nyonga ya bandia. Zamani huku kwetu Pemba mzee akivunjika nyonga alilazwa kitandani, na aghalabu hakuinuka tena. Siku hizi wako wanaopewa rufaa kuvuka bahari kwenda Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) iliyoanzishwa mwaka 1996, au hata Moshi kwenye hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Daktari humaliza kazi yake kwa saa chache. Kazi iliyobaki huchukua miezi, nayo hufanyika nyumbani, chini ya mikono yetu. Kwa hiyo yatupasa tuijue.

1. Nyonga ni nini, na kwa nini hubadilishwa?

Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya shimo la mfupa wa kiuno, mfano wa tunda lililokaa ndani ya kifuu cha nazi. Katikati yake pana gegedu laini, ili mifupa isisagane. Daktari hukiondoa kichwa kilichoharibika, akaweka kingine cha chuma au cha kauri chenye mguu ulioingia ndani ya mfupa wa paja, kisha akaweka kikombe kipya ndani ya shimo.

Sababu kubwa ni hizi. Kwanza, gegedu kulika kwa uzee au kwa ugonjwa wa yabisi ya viungo. Pili, mzee kuanguka na kuvunjika shingo ya mfupa wa paja. Tatu, ugonjwa wa selimundu, ambao ni mwingi katika nchi yetu. Ugonjwa huu huzuia damu isifike kwenye kichwa cha mfupa, kikafa, na ndiyo maana hata kijana aweza kuhitaji nyonga mpya. Yuko pia aliyeanguka mkarafuuni miaka mingi iliyopita na kuumia nyonga. Kiungo chake chaweza kusagika polepole hata akashindwa kutembea.

2. Kwa nini mgonjwa aendelee kuangaliwa?

Jibu liko katika historia ya tiba yenyewe. Katika miaka ya mwisho ya 1950 mganga wa Kiingereza John Charnley, wa hospitali ya Wrightington, aliwatia wagonjwa wake nyonga zenye kikombe cha Teflon. Mwanzo walitembea vizuri, wakafurahi. Lakini kwa kuwa aliendelea kuwaita na kuwapiga picha za eksirei, aliona kikombe kinalika upesi, na baada ya miaka michache ikambidi awapasue tena wengi wao. Mwaka 1962 akaanza kutumia plastiki nyingine iliyo ngumu zaidi, na nyonga za siku hizi zimetokana na kazi hiyo.

Basi tuone fundisho lake. Mgonjwa alijiona mzima hali nyonga imeanza kuharibika, na ni picha iliyosema kweli. Kwa ajili hiyo nchi nyingi zina daftari la kuandika kila nyonga inayotiwa. Jirani zetu wa Malawi walianzisha daftari la namna hii mwaka 2005. Hesabu za Australia na Finland, zilizotangazwa mwaka 2019, zilionyesha kwamba karibu nyonga 6 katika kila 10 hudumu miaka 25. Hizo ni habari njema, lakini zatuonyesha pia kwamba nyonga ya bandia haidumu milele.

3. Majuma ya mwanzo

Wengi hustaajabu kusikia kwamba mgonjwa husimamishwa siku ile ile ya kupasuliwa au kesho yake. Huo si ukatili. Mtu akilala bila kujongea, damu huganda miguuni, mapafu hujaa makohozi, na misuli hunyauka.

Mgonjwa hutembea kwanza kwa fremu, kisha kwa magongo mawili, kisha kwa mkongojo mmoja. Mkongojo ushikwe kwa mkono wa upande ulio mzima, usishikwe upande wa nyonga iliyopasuliwa. Penye ngazi tukumbuke maneno haya: mguu mzima hupanda kwanza, mguu mgonjwa hushuka kwanza.

Mazoezi yafanyike kila siku, mara kadhaa, kama alivyofundishwa hospitali. Haya ndiyo ya kawaida:

(a) Akilala chali, apandishe na kushusha nyayo, mara 10 au zaidi, kila saa akiwa macho.
(b) Akaze misuli ya paja, goti likiwa limenyooka, ahesabu mpaka 5, kisha alegeze.
(c) Akaze matako vivyo hivyo, kisha alegeze.
(d) Avute kisigino polepole juu ya godoro kuelekea kwake, bila kupita kiasi alichoambiwa.
(e) Akiweza kusimama imara, ashike meza nzito na kuupeleka mguu upande wa nje, kisha aurudishe.

Maumivu kidogo baada ya mazoezi ni jambo la kawaida. Dawa ya maumivu anywe kwa saa alizoandikiwa, maana anayeumwa sana hatakubali kutembea.

4. Nyumba zetu na nyonga mpya

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa sababu maisha yetu mengi yako chini. Twakaa mkekani, twakuna nazi juu ya mbuzi, twafua kwenye beseni, twachuchumaa chooni. Katika majuma 6 hadi 12 ya mwanzo, wakati nyama zinashikana, kichwa cha nyonga chaweza kuchomoka mahali pake. Kwa hiyo madaktari wengi humkataza mgonjwa mambo matatu: asikunje nyonga kupita pembe mraba, yaani magoti yasipande juu kuliko nyonga, asipishanishe miguu, wala asigeuze wayo kuelekea ndani. Masharti haya hutofautiana kwa jinsi upasuaji ulivyofanyika, basi neno la daktari aliyempasua ndilo la kufuatwa.

Yafaa nyumba itengenezwe kabla mgonjwa hajarudi. Kiti kiwe kirefu, kigumu, chenye mikono. Kitanda cha kamba kilicholegea hakifai, maana humzamisha mtu katikati. Kitanda kiinuliwe kwa matofali yaliyo imara, na mgonjwa alale na mto katikati ya miguu. Kwa choo cha kuchuchumaa, seremala aweza kutengeneza kiti chenye tundu, kirefu kiasi, kikawekwa juu ya shimo. Gharama yake ni ndogo, tena kitafaa wazee wengine baadaye. Mikeka na mazulia yanayoteleza yaondolewe njiani, sakafu isiachwe na maji, na taa iwepo usiku. Kandambili ziwekwe kando, avae viatu vinavyoshika kisigino. Kanga iliyoanguka asiiinamie, bali aivute kwa upembo mfupi.

Kukuna nazi juu ya mbuzi kungoje. Akina mama watauliza, "Mpaka lini?" Jibu ni mpaka daktari aruhusu, na wengine huambiwa waache kabisa mikao ya chini sana. Lakini hakosi kazi ya mezani: kuchambua mchele, kumenya ndizi, kukata mboga. Wanaume nao wajue kwamba kupanda mkarafuu baada ya kutiwa nyonga ya bandia ni kutafuta msiba.

Kanisani mgonjwa akae kitini wakati wengine wanapiga magoti, wala asione haya kukomunika hali amesimama au ameketi. Jirani zetu Waislamu husali kitini mtu asipoweza kusujudu, na hakuna anayemlaumu.

5. Dalili za hatari

Kidonda kiwe kikavu na safi. Nyuzi au pini hutolewa kwa kawaida baina ya siku ya 10 na ya 14, na kidonda chaweza kuangaliwa hapa hapa kisiwani, kama vile Wete, Chake Chake, au katika hospitali ya Abdulla Mzee ya Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Kidonda kisipakwe samli, mafuta ya karafuu, wala majani ya aina yoyote.

Mambo manne yatupasa kuyajua kwa moyo, kama watoto wa skuli wanavyojua jedwali la hesabu:

La kwanza, kidonda kutoa maji au usaha, kunuka, kuvimba na kuwa cha moto, au mgonjwa kupata homa. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, basi tutumie mgongo wa mkono kupima joto. Tusikimbilie dukani kununua vidonge vya kuua vijidudu. Vidonge hivyo vyaweza kuificha dalili huku uchafu ukizidi ndani, juu ya chuma. Mgonjwa apelekwe hospitali, na daktari aliyempasua apewe habari.

La pili, chafu ya mguu kuuma na kuvimba. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Hapa ndugu wengi huita mkandaji. Tusifanye hivyo! Kukanda chafu yenye damu iliyoganda kwaweza kulisukuma donge likaenda mpaka kwenye mapafu. Tena dawa ya kuzuia damu kuganda imalizwe kama ilivyoandikwa, hata mgonjwa akijiona mzima.

La tatu, kukosa pumzi au kuchomwa kifuani kwa ghafula. Hilo si jambo la kungoja asubuhi. Apelekwe hospitali saa ile ile.

La nne, maumivu makali ya ghafula nyongani, mguu ukaonekana mfupi au umegeuka, na mgonjwa asiweze kusimama. Nyonga imechomoka, au mfupa umevunjika. Asivutwe mguu na mtu yeyote. Alazwe juu ya ubao au godoro gumu, apelekwe hospitali.

6. Kurudi kwa daktari

Kwa kawaida mgonjwa huitwa baada ya majuma 6 hivi, kisha tena katika mwaka wa kwanza, na baadaye kila baada ya miaka kadhaa. Kwetu safari ni meli, gari, malazi na nauli ya mtu wa pili, tena mgonjwa amekwisha kutembea. Ni rahisi kusema, "Ya nini kujisumbua?" Lakini tumekwisha kuona jinsi wagonjwa wa Charnley walivyojisikia. Yafaa jamaa waanze kuweka akiba ya safari ya pili siku ile wanapochanga ya safari ya kwanza. Akiwa safarini mgonjwa asikae tu. Achezeshe nyayo, na bahari ikiwa tulivu asimame kila saa akiwa ameshikwa.

Karatasi ya hospitali ihifadhiwe ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na picha. Humo huandikwa aina ya nyonga aliyotiwa, na daktari mwingine hataweza kuirekebisha vizuri bila kujua habari hizo.

Tena, maisha yake yote, mtu huyu asidharau jino bovu, kidonda cha mguu au maumivu ya mkojo. Vijidudu husafiri ndani ya damu na kuifuata nyonga. Apate tiba mapema, naye amwambie kila mganga kwamba ana nyonga ya bandia.

7. Upendo usiomlaza mgonjwa

Tuchukue mfano. Mama mmoja amerudi kutoka Dar es Salaam akiwa na fremu yake. Binti zake wampenda sana. Maji huletewa, chakula huletewa, akitaka kuinuka huambiwa, "Kaa, mama, utaumia." Fremu imeegemezwa ukutani, kanga zaanikwa juu yake. Baada ya miezi mitatu goti limekaza, paja limekonda, na mama aogopa hata kufika kibarazani. Daktari alifanya kazi yake vema, lakini huruma ya nyumbani imeiharibu.

Wahenga walisema, "Mgonjwa haulizwi uji." Ni kweli, uji apewe, pamoja na samaki, mayai na maharage ya kumjenga mwili. Lakini mgonjwa wa nyonga aulizwe jambo moja kila siku: "Leo umetembea mpaka wapi?" Jana mlangoni, leo kibarazani, kesho mpaka kwa jirani. Wengi hupata nafuu kubwa katika miezi mitatu, na nguvu huendelea kurudi hata mwaka mzima.

Nasi tunaokwenda kumtazama mgonjwa, tusikae saa nzima kando ya kitanda tukisikitika. Tumpe mkongojo wake, tutembee naye hatua 20, kisha tuagane.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Mkongojo hushikwa mkono upi, na kwa nini haifai mgonjwa kulala tu?
2. Taja dalili nne za hatari. Ipi hutuvuta kumwita mkandaji, na hatari yake ni nini?
3. Katika mtaa wenu, nani ni mgonjwa au mzee ambaye kiti cha choo kingemsaidia? Mwaweza kumtengenezea lini?
4. Mtu aliyepasuliwa mwaka jana asema haumwi, kwa hiyo hataki kurudi kwa daktari. Mtamwambia nini?