Kioo Kimegoma Kung'aa? Vidokezo vya Madirisha ya Nyumba ya Zamani

Mwaka jana nilikwenda kumsaidia shangazi yangu usafi, Singida mjini. Nyumba yake ni ya siku nyingi: mbele madirisha ya luva, nyuma upande wa jikoni madirisha ya mbao yenye vioo vidogo vidogo. Nikateka ndoo ya maji ya kisima, nikamwaga sabuni ya unga bila choyo, nikasugua mpaka bega likauma. Kioo kilipokauka kikawa cheupe utadhani kimepulizwa unga wa muhogo.

Shangazi alikuwa barazani anapepeta mtama. "Mwanangu," akasema, macho yakiwa kwenye ungo, "hicho kioo unakiosha au unakipaka chokaa?"

Utani ule ulikuwa kweli tupu. Maji ya visima vingi vya kwetu ni magumu. Yamebeba madini, hasa kalsiamu na magnesiamu. Maji yakikauka juu ya kioo, madini hayaondoki nayo. Yanabaki pale kama utando mweupe, ndugu kabisa wa chokaa. Kwa hiyo nilivyozidi kuosha ndivyo nilivyozidi kupaka. Haya niliyojifunza siku ile na wikendi zilizofuata.

1. Lipime doa kwa ukucha. Kabla hujagusa maji, pitisha ukucha juu ya doa. Likikwaruza kama chembe za mchanga, hayo ni madini ya maji. Likiteleza na kuacha njia ya kidole, ni mafuta ya kupikia. Likitia weusi kwenye kidole, ni masizi ya kuni au koroboi, na nyumba za zamani zina masizi yaliyolala pembeni mwa fremu tangu wapangaji wa kwanza. Kila doa lina dawa yake, na ukikosea dawa utasugua mpaka jioni.

2. Vumbi litoke likiwa kavu. Singida ina upepo, si bure wataalamu wa umeme wa upepo waliutupia macho mkoa huu, na upepo wa kiangazi hauji mikono mitupu. Vumbi lake lina chembe za mchanga mgumu kutoka kwenye haya mawe makubwa yaliyotuzunguka. Ukipitisha kitambaa chenye maji juu yake umejitengenezea msasa. Chukua brashi safi ya rangi, anza juu kabisa, shuka, ingia kwenye kona, kisha fagia kizingiti. Wavu wa mbu utoe ukauoshe nje, maana ukiuacha na vumbi lake, upepo wa saa nane mchana utalirudisha lote kwenye kioo.

3. Amka mapema. Saa moja hadi saa tatu asubuhi kioo bado kimepoa na upepo haujaanza fujo. Jua likishapiga, maji yanakauka kabla hujafuta, na hiyo ndiyo michirizi unayoiona. Dirisha linalotazama mashariki liache hadi jioni.

4. Punguza sabuni. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Sabuni ya kipande ikikutana na maji magumu haitoi povu la maana. Inashikana na yale madini na kuwa utando wa kijivu, ule ule unaouona ukingoni mwa beseni la kufulia. Matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye ndoo ndogo yanatosha. La pili, suuza kwa maji ya mvua. Mvua zetu ni za msimu mmoja, ukiisha umeisha, basi kinga madumu mawili matatu msimu ukiwepo, uyafunike, uyaweke ya vioo. Maji ya mvua hayana madini ya kuacha alama. Sijaona dawa ya dukani inayoyashinda kwa kusuuzia.

5. Siki kwa ukungu mweupe. Siki nyeupe ya kawaida ina asidi inayoyeyusha chokaa ile. Changanya kikombe kimoja cha siki na kimoja cha maji. Doa likiwa la miaka, itumie bila maji. Kosa ni kuipaka na kufuta hapo hapo. Asidi inataka muda. Chovya kitambaa chepesi, kibandike kwenye kioo kama plasta, kiache dakika kumi na tano. Kikianza kukauka, kinyunyizie tena. Kisha sugua taratibu kwa mviringo, suuza, futa. Kwa shangazi, kioo cha kwanza kilihitaji mizunguko mitatu; wa pili ulipokwisha nilikuwa nimeshakata tamaa, wa tatu nikaona mpapai wa jirani. Huna siki? Ndimu inafanya kazi hiyo hiyo.

Tahadhari mbili. Siki inakula saruji na terazo, kwa hiyo tandika kitambaa kizingitini. Na usiichanganye kamwe na jiki: inatoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu.

6. Jikoni, mafuta kwanza. Huu ni mkoa wa alizeti, tunakaanga na hatuoni haya. Mvuke wa mafuta unapanda, unaganda kwenye kioo, vumbi linanasa juu yake. Siki haipenyi hapo. Anza na maji ya moto na sabuni ya maji, au tumia jivu la kuni lililochekechwa kwa chujio la chai: chovya kitambaa chenye unyevu, sugua bila kukandamiza. Jivu linakata mafuta vizuri, ila chembe moja ya mkaa ikibaki itachora kioo. Mafuta yakishatoka ndipo ukungu mweupe uonekane, nawe urudi kidokezo cha tano.

7. Rangi, gundi na stika. Stika za uchaguzi uliopita zinangojea uchaguzi ujao. Paka mafuta ya kula juu ya gundi, acha nusu saa, kwangua kwa kadi ya simu iliyokwisha kazi. Matone ya rangi yanataka wembe mpya, kioo kikiwa na maji ya sabuni, wembe umelazwa kama unayenyoa ndevu. Kioo kikavu usikiguse kwa wembe. Chuma cha kusugulia sufuria kiache na sufuria zake. Rangi kuukuu ya fremu usiipige msasa ikiwa kavu. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari kwa watoto.

8. Luva zitoe moja moja. Vaa glovu, fungua kishikizo kwa bisibisi pole pole (vya zamani vinakatika ukivikunja mara mbili), weka namba kwa karatasi ya gundi, kisha ioshe ikiwa imelala juu ya blanketi kuukuu. Nilijaribu kuziosha zikiwa dirishani nikaambulia kidole kilichochanika.

9. Kufutia, fulana ya pamba iliyochakaa au gazeti. Ila magazeti ya zamani siku hizi ni ya kugombania na wauza maandazi.

10. Jua kioo kilichokwisha. Ukikimwagia maji kinang'aa, kikikauka ukungu unarudi, umeshapaka siki mara tatu, na ukucha hausikii chochote: hapo hakuna doa tena. Kioo chenyewe kimeliwa na maji yaliyokuwa yakikitiririkia miaka nenda rudi. Acha kusugua, mwite fundi vioo apime, akate kingine. Shangazi alikuwa navyo viwili vya namna hiyo, vyote chini ya bomba la tangi linalovuja. Tulianza na bomba.