Nyama ya Sungura Isikauke Sufuriani

Mfugaji, kabla ya kuuza sungura wote, bakisha mmoja wa familia. Nyama yake ina mafuta machache. Ukiichoma kama ya mbuzi hukauka.

Unapomchinja, toa nyongo bila kuipasua, la sivyo nyama itakuwa chungu. Ini lenye madoa meupe litupe. Paka vipande chumvi, limau, tangawizi na kitunguu saumu, uviache saa 2. Vikaange kidogo, tia vitunguu, nyanya na kikombe cha maji, kisha funika, moto uwe mdogo. Sungura mchanga huiva kwa dakika 45 hivi. Mzee hutaka saa moja na nusu. Viungo vya pakiti si lazima. Viazi vya Molo vikitiwa dakika 20 za mwisho, mchuzi huwa mzito. Nyunyiza dania, uwapakulie watoto.