FIZI, KIPANDAUSO NA SUNNA YA MSWAKI



Wanafunzi wetu na wazazi wa Kihonda, safari hii tunaandika juu ya jambo lililotufunza sisi walimu wenyewe. Alikuwapo binti darasani aliyeinamia meza kila mara na kuomba ruhusa. Tulimdhani mvivu wa kuhifadhi, tukamkemea mbele ya wenzake. Nyumbani walidhani ni malaria. Akipimwa hana, anapewa vidonge vya maumivu. Kumbe ni kipandauso, na kila akisukutua wakati wa kutawadha fizi zilitoa damu. Tumemwomba radhi.

Kipandauso huwa sugu kichwa kinapouma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3. Watafiti wa Santiago de Compostela, Hispania, waliandika mwaka 2018 na 2019 kuwa ugonjwa wa fizi na kipandauso sugu huonekana pamoja. Ukoga ukiachwa, vijidudu hujificha chini ya ufizi, ufizi huvimba, na kemikali za uvimbe huingia katika damu. Tena mshipa wa fahamu unaohudumia meno na fizi ndio huohuo unaohusika na maumivu ya kipandauso. Lakini tusivuke mpaka: haijathibitika kwamba fizi ndizo zinazokileta.

Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alieleza kuwa lau si kuchelea kuutia umma wake mashakani, angeliamrisha mswaki kwa kila swala. Tunaijua wote, na bado vinywa vyetu mnavijua! Wengine Ramadhani huacha kabisa, wakisingizia karaha. Karaha hiyo kwa madhehebu ya Shafii ni baada ya jua kupinduka, si tangu alfajiri. Mti wa mswaki ni mzuri, ncha ikichakaa ikate. Wa dukani wenye dawa ya floraidi nao unafaa.

Ukoga uliokwisha kuwa mgumu hautoki kwa mswaki, huondolewa na mganga wa meno. Nanyi wazazi, angalieni vidonge: vya kawaida vikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, vyenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa.

Binti yetu amesafishwa meno, damu imekoma. Kichwa bado humwuma, ila mara chache. Tumemhamisha kutoka dirisha la jua, na sasa yumo katika Suratul Mulk.