DAFTARI LA UMMA: JINSI YA KUTAFUTA NA KUOMBA REKODI ZA KORTI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaitaja darasani kila muhula, lakini wengi wetu hudhani daftari ni lile la duka tu. Liko daftari jingine kubwa zaidi, nalo limo katika jengo ambalo watu hulipita haraka wakiomba wasiitwe ndani: korti. Humo mna faili za mashamba, madeni, ajali, talaka na mirathi za watu wa kaunti nzima. Wanachama wenzangu na walimu wetu wapendwa, somo letu la leo ni namna ya kuliuliza daftari hilo likajibu.

Tutachukua mfano wa kesi ya mirathi, maana katika kesi ya aina hii mtu aweza kupoteza shamba pasipo kukanyaga kortini hata siku moja.

Tuseme babu amefariki, ameacha ekari nne. Nyanya yungali analima palepale. Siku moja anafika mgeni na hati mpya mkononi, asema ameuziwa na ami yenu, tena ati ami alipewa na korti. Hapo jamii hufanya nini? Wengine hupiga kelele, wengine hukimbilia panga, wengine hulia na kufungasha. Lakini swali la kwanza ni hili: faili iko wapi? Shamba la marehemu kwa kawaida halihamishwi ila kwa hati ya usimamizi wa mali, na hati hiyo haitoki kortini bila faili kufunguliwa. Kama ami alidanganya, uongo wake umeandikwa na kutiwa sahihi humo ndani.

1. KORTI SI YA GAVANA

Hapa wengi hupotea njia. Korti iko katika kaunti lakini si ya serikali ya kaunti. Ni sehemu ya Idara ya Mahakama, ambayo ni ya taifa zima. Ukienda ofisi ya gavana kuuliza faili ya kesi, utarudi na vumbi la safari tu.

Jambo la pili ni kujua ni korti ipi. Mirathi yaweza kuwa katika Mahakama Kuu, katika mahakama ya hakimu, au kwa Waislamu, katika mahakama ya kadhi. Tangu Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, mahakimu nao husikiza kesi za mirathi kulingana na thamani ya mali. Hakimu mkuu anaruhusiwa hadi shilingi 20,000,000. Kwa hivyo usikate tamaa ukiambiwa na korti moja kwamba faili haipo. Uliza ya pili.

Tena kumbuka kwamba serikali za kaunti zilianza 2013. Kabla ya hapo, Mahakama Kuu haikuwa karibu na kila mtu. Kesi ya mtu wa Kwale, kwa mfano, ilipelekwa Mombasa. Faili ya zamani hutafutwa mahali ilipofunguliwa, si lazima mahali unapoishi leo.

2. TAFUTA NAMBARI

Katika masijala faili huitwa kwa nambari na mwaka. Ukifika na kusema "ile kesi ya babu", karani atakutazama tu. Ukisema "Mirathi nambari fulani ya mwaka fulani", anajua rafu ya kuiendea. Nambari hupatikana kwa njia hizi:

(a) Gazeti Rasmi la Serikali. Gazeti hili hutoka kila Ijumaa. Anayeomba usimamizi wa mali hutangazwa humo, na wenye pingamizi hupewa siku 30 kujitokeza. Tangazo hutaja korti, nambari ya kesi, jina la marehemu na jina la mwombaji. Nyanya hasomi Gazeti Rasmi, wala jirani zake hawalisomi. Ndiyo sababu siku 30 hupita kimya. Lakini matoleo yaliyopita yanasomwa bure katika tovuti ya Kenya Law, na hapo ndipo mwanafunzi mwenye simu anaweza kuifaa jamii yake.

(b) Ofisi ya ardhi. Ukipeleka nambari ya kiwanja na kuomba upekuzi rasmi, utajua shamba limeandikwa jina la nani sasa. Hati zilizotumiwa kulihamisha zapaswa kuwa zimehifadhiwa huko, nazo hubeba nambari ya kesi.

(c) Chifu. Wanaofungua kesi ya mirathi kwa kawaida hutakiwa kupeleka barua ya chifu yenye majina ya warithi. Muulize kwa adabu: je, barua ya namna hiyo iliandikwa? Lini, na kwa ombi la nani?

(d) Tovuti ya Kenya Law tena. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufaa zimewekwa humo. Tafuta kwa jina la marehemu, na ulijaribu kwa maandishi tofauti, kwani makarani huandika jina moja kwa namna tatu.

3. MASIJALANI

Masijala ndiyo stoo ya faili na meza ya kupokea karatasi. Nenda na mzazi au jamaa mwenye kitambulisho cha taifa. Kuna mambo mawili ya kuomba, nayo yasichanganywe. La kwanza ni kuisoma faili palepale, mbele ya karani, bila kutoka nayo. La pili ni kupewa nakala. Ukihitaji karatasi ya kutumia katika korti au ofisi nyingine, omba nakala iliyothibitishwa, yaani yenye muhuri na sahihi ya kwamba imetolewa katika faili halisi. Nakala ya kawaida ni ya kujisomea tu.

Ada zipo, na hulipwa kwa njia rasmi kisha ukapewa risiti. Pesa ya kutiwa mfukoni mwa mtu haina risiti, na isiyo na risiti si ada. Hiyo ni chai, na chai ya kortini haimalizi kiu.

4. ANDIKA, NA UANDIKE KWA KISWAHILI

Kipengele cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Halafu ikaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wanachama wa chama hiki, fungueni masikio: sheria hiyo inasema ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Si kwa hisani ya karani, ni sheria! Tena asiyejua kuandika ni haki yake kusaidiwa na afisa anayehusika. Nyanya asiambiwe akatafute kwanza mtu wa kumwandikia Kiingereza.

Barua yenyewe iwe fupi kama hii:

Kwa Msimamizi wa Mahakama,
Mahakama ya Hakimu, (mji).

KUH: MIRATHI NAMBARI ____ YA ____, MALI YA MAREHEMU ____

Mimi ni mjane wa marehemu aliyetajwa. Naomba kuisoma faili hii na kupewa nakala zilizothibitishwa za:
(i) ombi la usimamizi pamoja na fomu P&A 5;
(ii) fomu za ridhaa ya warithi;
(iii) hati ya usimamizi na hati ya kuithibitisha;
(iv) maagizo yote ya korti.
Niko tayari kulipa ada ya nakala.
(Jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi, tarehe)

Kwa Mahakama Kuu, mwandikie Naibu Msajili. Peleka barua mbili zilizo sawa: moja ibaki kwao, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Muhuri huo ndio shahidi wako.

Chini ya sheria hiyo ya 2016, ombi hujibiwa ndani ya siku 21. Kama linahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Ukinyimwa au ukizungushwa, iko Tume ya Haki ya Utawala, ambayo husikiza malalamiko ya wanaonyimwa habari. Kwa ucheleweshaji wa korti yenyewe, Idara ya Mahakama ina ofisi yake ya kupokea malalamiko, iliyoanzishwa 2011.

5. TAZAMA NINI NDANI YA FAILI?

Fungua fomu P&A 5. Hapo mwombaji huapa na kutaja warithi wote wa marehemu pamoja na mali yake. Je, jina la nyanya limo? Watoto wa kike wametajwa? Kisha tazama fomu za ridhaa: ile sahihi au alama ya kidole ni yake kweli? Kama alirukwa, Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kifungu cha 76, inaruhusu hati ya usimamizi iliyopatikana kwa ulaghai au kwa kuficha jambo kubwa ifutwe wakati wowote, hata kama ilikwisha kuthibitishwa. Hapo sasa ndipo pa kumwona wakili, tena ukiwa na karatasi mkononi, si maneno matupu. Wala msikawie. Shamba likiuzwa kwa wa pili na wa tatu, kulirudisha huwa kazi ngumu.

6. SI KILA FAILI NI WAZI

Kesi kwa kawaida husikizwa hadharani, lakini Katiba inaruhusu umma uzuiwe ili kuwalinda mashahidi au watu wanyonge. Kesi za watoto hufungwa kwa watu wa nje, na jina la mtoto halitangazwi. Hilo ni jema. Haki ya kujua si haki ya kupeleleza maisha ya jirani.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya kusoma faili na kupewa nakala iliyothibitishwa.
2. Taja njia tatu za kupata nambari ya kesi ya mirathi.
3. Kwa nini mtu wa Kwale aweza kupata faili ya babu yake Mombasa?
4. Mwandikie Naibu Msajili barua ya kuomba rekodi, kwa Kiswahili sanifu, isiyozidi maneno 100.

MSAMIATI

Masijala: ofisi ya kuhifadhi na kupokea faili.
Mirathi: mali iliyoachwa na marehemu na mgawanyo wake.
Ridhaa: kukubali jambo kwa hiari.
Pingamizi: hoja ya kulipinga ombi kortini.

Likizo hii, muulize nyanya kama karatasi za shamba amewahi kuziona. Akisema hajaziona, unayo kazi ya kuanzia.